Sura ya Saba: Kompyuta ya Zamani na Mfumo Mpya

Swali ambalo wenye kompyuta za zamani hawachoki kuliuliza, kuanzia kwa mwalimu mkuu mwenye mashine tatu ofisini mwake hadi kwa mwenye duka la pembejeo aliye na laptopu moja tu juu ya kaunta, ni hili: "Kompyuta yangu yawaka, yaandika, yachapisha, wala haijanitaabisha miaka mingi, kwa nini basi naambiwa kila mara kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, na je, nikiubadili nitapata faida au nitajitafutia maradhi ambayo sikuwa nayo?" Ni swali la haki, nalo lastahili jawabu la utulivu, kwani wanaoulizwa aghalabu hujibu ama kwa kutisha ama kwa kupuuza, na majibu ya namna hizo mbili hayamfai mtu ambaye shughuli yake yote imo ndani ya mashine hiyo moja.

Nitalijibu kwa kuitazama Cheptiret, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru, mahali ambapo huchepuka njia iendayo Kesses kwenye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984. Mahali kama hapo hukutana watu wa kila aina ya haja: mwanafunzi aandikaye tasnifu yake, mkulima wa mahindi na ngano atakaye kuwasilisha ritani ya kodi, mweka hazina wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mwenye saiba ambaye kwa kompyuta zake chache huwahudumia wote hao. Kompyuta nyingi za watu hawa hazikununuliwa zikiwa mpya. Ni zile ambazo soko huziita eks-UK, zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya kisha zikaletwa Kenya na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aweza kuimudu. Kwa hiyo swali la mfumo mpya kwa mashine kongwe, ambalo kwingineko huwahusu wachache, hapa lamhusu karibu kila mwenye kompyuta.

Mfumo endeshi na mwisho wa kuhudumiwa

Mfumo endeshi ni ile programu kuu ambayo huamka kwanza kompyuta iwashwapo, ikazitawala sehemu zote za mashine, yaani diski, kioo, kibodi, printa na intaneti, kisha ikazipa programu nyingine, kama ile ya kuandikia barua au ya kufanyia hesabu, ruhusa na nafasi ya kufanya kazi. Mifumo hiyo ni mingi, walakini ule ambao msomaji wa Cheptiret ataukuta katika mashine nyingi ni Windows wa kampuni ya Microsoft, na kwa hiyo ndio nitakaousemea zaidi.

Kila toleo la Windows hupewa muda wake wa kuhudumiwa. Windows XP ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10, ambayo ilitoka tarehe 29 Julai 2015 na ambayo ingali katika kompyuta nyingi za eks-UK, ilifikia wake tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ilipopita, kompyuta hazikuzimika. Ziliwaka asubuhi iliyofuata kama zilivyowaka jana yake, na jambo hilo ndilo lililowafanya wengi waamini kwamba walikuwa wametishwa bure.

Kinachokoma siku hiyo ni masasisho ya usalama, yaani viraka ambavyo mtengenezaji huvituma kupitia intaneti ili kuziba nyufa zinazogunduliwa katika mfumo. Programu yenye mamilioni ya mistari ya maandishi, iliyoandikwa na maelfu ya binadamu, haiwezi kukosa nyufa, na kila mwezi hugunduliwa nyingine mpya. Fauka ya hayo, mifumo mipya na ya zamani hushirikiana sehemu nyingi za ndani, hata kiraka kinapotolewa kwa ajili ya Windows 11, mwizi mwenye maarifa hukisoma kiraka chenyewe, akatambua kilichozibwa, kisha akaenda kuutafuta ufa ule ule katika Windows 10 ambayo haizibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Ndiyo maana hatari ya mfumo ulioachwa haiji siku ya kwanza, bali huongezeka kila mwezi. Mfugaji wa Kesses alijua jambo hili kabla ya kuijua kompyuta: ng'ombe asiyepelekwa joshoni haanguki siku ile, aendelea kula na kutoa maziwa, hata kupe wamletee ndigana.

Somo la mwaka 2017

Ili msomaji asidhani kwamba nazungumza juu ya hatari za kubuni, na akumbuke yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017, siku ambayo programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilisambaa yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikayafunga mafaili ya watu kwa maandishi ya siri yasiyofunguka, na kuwadai wenyewe fidia ya dola 300 ili wafunguliwe. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa, na huko Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha miadi na hata upasuaji wa wagonjwa.

Lakini sehemu ya kisa hiki ambayo husimuliwa kwa nadra ndiyo yenye manufaa makubwa kwetu. Kiraka cha kuuziba ufa ule kilikuwa kimekwisha kutolewa tarehe 14 Machi mwaka ule ule, takriban miezi miwili kabla ya msiba, na kompyuta zilizoathirika kwa wingi hazikuwa zile za Windows XP iliyokuwa imeachwa, kama wengi wasadikivyo, bali zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado yahudumiwa. Wenyewe walikuwa na haki ya kupata dawa, ila hawakuipokea.

Nalikazia jambo hili kwa sababu mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa bando, shilingi kwa shilingi, watu wengi huyazima masasisho kwa makusudi, wakiyaona kuwa ni mwizi wa data. Huo ni uchumi ambao ubaya wake hauonekani mara moja. Mtu aliyegharimika kuhamia Windows 11, kisha akayazima masasisho yake ili aokoe bando, hakununua salama yoyote. Amebadili sura ya kioo tu. Ni afadhali aiweke mashine katika hali ya intaneti yenye kipimo, ambayo huyachelewesha mengi ya masasisho makubwa, halafu mara moja au mbili kwa mwezi aichukue mahali penye waya wa faiba au mtandao wa chuo ikapokee yaliyosalia.

*Kwa ufupi:* umri wa mfumo peke yake hauamui jambo. Cha kuuliza ni kama kungali na mtu anayeziba nyufa zake, na kama viraka hivyo vyaifikia mashine yako.

Je, mashine yenyewe yakubali?

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haipokewi na kila mashine. Yataka RAM ya GB 4 kwa uchache, na RAM ni ile kumbukumbu ya muda ambamo kazi iliyo mkononi huwekwa. Yataka nafasi ya diski ya GB 64. Yataka chipu ndogo iitwayo TPM ya toleo la 2.0, ambayo kazi yake ni kuhifadhi funguo za siri za mashine. Na zaidi ya yote yataka prosesa, yaani chipu kuu ifanyayo hesabu zote, iwe katika orodha ya zilizokubaliwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo, ukiacha chache sana, huanzia kizazi cha nane.

Hapo ndipo penye njia panda kwa mnunuzi wa eks-UK. Kizazi cha prosesa husomwa katika nambari inayofuata kistari: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya nane, na i5-10310U ni ya kumi. HP EliteBook 840 G3 ina kizazi cha sita na G4 ina cha saba, kwa hiyo zote mbili hazimo orodhani. G5 aghalabu ina cha nane. Hali kadhalika Lenovo ThinkPad T470 haimo, ilhali T480 aghalabu imo. Nasema aghalabu kwa hadhari, kwani miongoni mwa G5 na T480 ziko zilizotengenezwa kwa prosesa ya kizazi cha saba, na kwa nje hazitofautiani hata kidogo na ndugu zake. Mnunuzi asiridhike na jina lililoandikwa juu ya kifuniko. Aombe mashine iwashwe, aisome nambari kwa macho yake, ndipo ataje bei. Aliye na mashine tayari aweza kuiendesha programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, nayo itamjibu ndiyo au la pamoja na sababu. Ikiwa sababu ni TPM peke yake, asikate tamaa upesi, maana mara nyingi chipu imo ila imezimwa, na fundi mwenye ujuzi aweza kuiwasha katika mipangilio ya msingi ya mashine.

Wako mafundi wanaoweza kuyakwepa masharti haya na kuiweka Windows 11 hata katika kompyuta ya kizazi cha nne, na ikawaka vizuri. Simlaumu fundi kwa ustadi wake. Bali naona kwamba jambo hilo lapingana na azma yenyewe. Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizotimiza masharti hazina dhamana ya kupokea masasisho, na masasisho ndiyo sababu ya pekee iliyotufanya tuihame Windows 10. Kwa mashine ya kujifunzia sioni neno. Kwa mashine yenye hesabu za chama au alama za wanafunzi nasema hapana.

Uzito ambao mfumo haukuuleta

Akthari ya watu wanaotaka kubadili mfumo hawasukumwi na hofu ya wezi. Wanasukumwa na uchovu wa kungoja: kompyuta huwashwa, mwenyewe akaenda kunywa chai, akarudi akaikuta bado haijawa tayari. Hao naomba wanisikilize kabla ya kumlipa mtu yeyote, kwa sababu katika mashine nyingi za kuanzia mwaka 2012 kosa haliko katika mfumo, liko katika diski. Diski ya zamani ni sahani izungukayo kwa mota huku sindano ikitafuta habari huku na huko. Diski ya SSD haina kitu kizungukacho, husoma moja kwa moja kutoka katika chipu. Kuiondoa ile na kuitia hii, na kuifikisha RAM kwenye GB 8, kwaipa mashine kongwe wepesi ambao hakuna mfumo wowote uwezao kuipa, tena kwa gharama iliyo sehemu ndogo ya bei ya kompyuta nyingine. Ukiweka mfumo mpya juu ya diski ile ile ya kuzunguka, uchovu utauona umezidi.

Kwa hiyo utaratibu ninaoushauri ni diski kwanza, mfumo baadaye. Mara nyingi mtu akiisha kubadili diski huona kwamba hakuwa na haja ya mashine mpya kabisa.

Njia zilizo wazi

Mwenye Windows 10 leo ana njia hizi mbele yake:

- Kuhamia Windows 11, bila malipo, maadamu mashine yakubali na Windows 10 iliyomo ni ya halali.
- Kujiandikisha katika mpango wa masasisho ya ziada, ambao kwa watu binafsi wadumu hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila fedha kwa mwenye kuiunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Taasisi zina masharti na bei zake nyingine, na zaweza kuongezewa hadi miaka mitatu.
- Kuweka mfumo wa Linux mahali pa Windows.
- Kuibakiza Windows ya zamani, lakini kuikata mashine na intaneti kabisa.

Njia ya pili ni ya kununua muda tu, nayo yamfaa anayengojea mavuno ili anunue mashine nyingine. Ya nne ni nzuri kuliko watu wanavyoifikiria: kompyuta ya shule inayoendesha programu ya zamani ya kupanga alama, isiyounganishwa na mtandao wowote na isiyochomekwa flashi za kila mpita njia, yaweza kufanya kazi yake kwa miaka bila ya kubadiliwa chochote.

Iko njia nyingine ambayo sikuiandika katika orodha kwa sababu siishauri, nayo ni kuwekewa nakala ya wizi iliyofunguliwa kwa programu za magendo. Programu hizo huomba kwanza uizime kinga ya virusi ndipo zifanye kazi, na mtu mwenye insafu na ajiulize ni mgeni gani mwema atakaye mlinzi aondolewe kabla hajaingia.

Linux: njia iliyodharauliwa

Linux ni mfumo endeshi ambao asili yake ni kazi ya Linus Torvalds wa Ufini, aliyeanza kuitoa mwaka 1991, na ambao kwa kuwa maandishi yake ni wazi kwa wote, umeendelezwa na watu wa mataifa mengi na hupatikana kwa sura mbalimbali bila malipo. Mojawapo ya sura hizo, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu huria za ofisi zilizosema Kiswahili. Tangu hapo programu huria zimekuwa na makao katika Afrika Mashariki, ingawa maduka yetu hayazitangazi.

Kwa mashine ya kizazi cha tatu hadi cha saba, ambayo Windows 11 imeikataa, naiona Linux Mint kuwa chaguo jema. Toleo lake la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi mwaka 2029. Latosheka na RAM ya GB 4. Na sura yake haimtatizi mtu aliyezoea Windows. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hujaribiwa kabla ya kuwekwa: faili lake, lenye ukubwa wa GB 3 hivi, huandikwa katika flashi, mashine ikawashwa kutoka humo, na mwenyewe akatazama kama WiFi yashika, kama printa yachapisha na kama sauti yatoka, bila ya diski yake kuguswa.

Walakini haki yataka niyataje na mapungufu yake. Microsoft Office yenyewe haiwekwi ndani ya Linux. Mahali pake hutumika LibreOffice, ambayo husoma mafaili ya Word na Excel, ila mpangilio wa kurasa huweza kuhamahama. Programu za hesabu zilizotengenezwa kwa Windows pekee hazitaendeshwa kwa usahali. Na mfanyabiashara ambaye ritani yake ya kodi ya kwenye tovuti ya iTax hujazwa katika fomu ya Excel yenye makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya faili, asiihame Windows kabla ya kuhakikisha kwamba atakuwa na mahali pengine pa kuijaza fomu hiyo kabla ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuiwasilisha.

Nani abadili kwanza?

Laiti ningeulizwa nani katika Cheptiret asiyestahili kukawia hata mwezi mmoja, ningemtaja mwenye saiba. Katika kompyuta zake watu huandika nywila za mikopo ya masomo ya HELB, za kodi ya KRA, za huduma za serikali za eCitizen, na wengine huacha vyeti vyao vilivyoskaniwa juu ya dawati la mashine. Kwa hiyo ufa mmoja katika mashine moja ni mlango wa mali na siri za watu ambao hata hawajui kwamba walihatarishwa. Hiyo ni amana. Ajabu ni kwamba huyu huyu ndiye ambaye kubadili ni kwepesi kwake kuliko wengine, kwani karibu kazi zake zote hufanywa ndani ya kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, na Firefox au Chrome hufanya kazi katika Linux kama zifanyavyo katika Windows. Kompyuta zake za kizazi cha nne zote aweza kuzitia Linux Mint, akabakiza mashine moja yenye Windows 11 ya halali kwa ajili ya fomu za makro.

Anayefuata ni shule na chama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 yamtaka anayeweka habari za watu, zikiwemo za watoto, azilinde ipasavyo, na ni muhali kudai kwamba umezilinda ilhali zimo katika mashine iliyo mtandaoni na ambayo mfumo wake haupokei viraka tena. Mwanafunzi aliye katikati ya tasnifu yeye asibadili lolote mpaka aiwasilishe, ila ajiandikishe katika masasisho ya ziada na aweke nakala za kazi yake mahali pawili. Na mzee aliye na kompyuta ya kutazamia picha za wajukuu, isiyofika mtandaoni, aachwe kwa amani.

Siku ya kazi yenyewe

Azma ikiisha kukatwa, kazi yenyewe si ndefu, lakini ina mahali pa kuteleza. Nakala ya akiba hutangulia: mafaili yote yanakiliwe katika diski ya nje, kisha yafunguliwe machache katika kompyuta nyingine, maana nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Umeme nao utazamwe. Majira ya mvua nyingi, wakati ambapo stima hupotea bila taarifa, laptopu yenye betri iliyochoka au kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, isianzishiwe kazi hii jioni yenye mawingu, kwani mashine izimikapo katikati ya kubadilishwa mfumo huenda isiwake tena mpaka ianzishwe upya.

Jambo moja wengi hawalijui, nalo huleta majuto makubwa. Windows 11 ikiwekwa upya kwa kutumia akaunti ya Microsoft, huenda ikaifunga diski yote kwa maandishi ya siri yenyewe, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, ukahifadhiwa katika akaunti ile iliyotumika. Fundi akitumia akaunti yake ili kazi iende upesi, ufunguo wa diski yako umo mkononi mwake. Na siku mashine itakapouuliza, huenda fundi amehamia Kitale au ameisahau nywila. Keti naye, utumie akaunti yako, kisha uuandike ufunguo huo katika karatasi utakayoiweka pamoja na hati zako za shamba.

Na ikiwa umebadili diski, ile ya zamani iombe kwa fundi usimwachie, kwa kuwa ndani yake mna kila kitu kama kilivyokuwa. Iweke kabatini bila kuifuta mpaka muhula mmoja wa shule upite, au mpaka ritani ya kodi iwe imekubaliwa, kwa sababu faili linalosahaulika hutafutwa siku ya haja yake; baada ya hapo ifutwe kabisa kwa programu ya kufutia, si kwa kuyatupa mafaili katika pipa la taka la mashine, ndipo iuzwe au igeuzwe kuwa diski ya nje ya nakala za mwaka unaokuja.